Meza ya macho

"Mwalimu, leo macho mangapi?"

Ami wa bucha hapa Wete, Pemba, ameshanizoea. Zamani akiniuliza nusu kilo au robo, siku hizi akiniona tu nimeshika kopo langu la mfuniko anajua sikuja kwa nyama. Macho ya ng'ombe hayana mnunuzi. Kichwa kikishapasuliwa hutupwa pembeni, na paka wa soko ndio wanaoyagombania. Mara ya kwanza nilipomwomba alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya, akaniuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni ya kusomeshea. Akanyamaza kidogo, kisha akachukua kisu chake chembamba akayatoa mwenyewe, taratibu, asije akayatoboa, na pesa akakataa. "Ya skuli, mwanangu? Chukua."

Macho sita yanatosha. Usiku yanalala kwenye deli la barafu, na Jumamosi saa tatu asubuhi tunatoa meza chini ya mti wa mkungu nyuma ya maabara yetu. Anayesimamia si mimi. Ni wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu, wanne au watano, na wageni wao ni watoto wa Darasa la Tano na la Sita wa skuli ya jirani. Mimi hukaa kwenye kiti pembeni, na nimejikataza kusema mpaka niulizwe. Hilo la kunyamaza limenichukua muda kujifunza kuliko kushika wembe.

Watu wananiuliza mambo haya nimeyatoa wapi. Yameanzia kwa chui.

Nilikuwa na miaka 11, ndiyo kwanza navuka bahari. Tulipanda meli ya usiku kutoka Mkoani, nikatapika njia nzima, na alfajiri mjomba akanipokea bandarini Malindi. Alikuwa akikaa Michenzani. Siku ya pili tukenda kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja kuangalia makumbusho. Beit el Amani, lile jumba jeupe la kuba lililochorwa na msanifu majengo Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925, lilinishangaza kwa nje, lakini ya ndani sikumbuki mengi. Ninachokikumbuka kilikuwa kwenye jengo dogo la ng'ambo ya barabara, walikowekwa wanyama. Humo ndimo alimokuwa chui wa Unguja.

Chui huyu hakuna mahali pengine duniani alikopatikana. Alikuwa mdogo kuliko wa bara, madoa yake madogo yamekatikakatika. Watu walimwogopa kwa jino lake, na walimwogopa zaidi kwa sababu iliaminika kuwa wachawi humfuga na kumtuma. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikafanywa kampeni ya kumsaka na kummaliza, na wataalamu wengi wanamhesabu kuwa ametoweka. Mwaka 2018 kamera iliyotegwa msituni ilipiga mnyama aliyewarudishia watu matumaini, na ubishi wake haujesha. Mimi wakati ule sikuyajua yote hayo. Nilibandika pua kwenye kioo nikamtazama usoni, na kitu kimoja kikanisumbua.

"Mjomba, haya ni macho yake kweli?"

"Ya kioo hayo. Ngozi hukaushwa, meno hubaki, mifupa hubaki. Jicho halikaushiki, mwanangu. Siku mbili tu limeoza."

"Sasa ya kweli yako wapi?"

Mjomba alicheka, akanishika kichwa, akaninunulia maji ya miwa. Nikarudi Pemba na swali langu.

Aliyeweka kioo simlaumu hata kidogo. Bila kioo kile, mikono ya watoto kama mimi ingekuwa imeshayamaliza manyoya yale, na leo tusingekuwa na cha kumwonyesha mtu. Kitu kisichokuwa na cha pili lazima kilindwe. Lakini jicho, ambalo ndilo nililolitaka, haliwezekani kukaushwa likawekwa nyuma ya kioo. Ukitaka kulijua lazima lifunguliwe bichi, kila mara upya, na mkono wa mtu.

Miaka mingi baadaye, nishakuwa mwalimu wa biolojia, nikaona kwenye simu video ya vijana wa sekondari wakipasua jicho la ng'ombe mbele ya watu waliojazana. Mahali penyewe ni Exploratorium, makumbusho ya sayansi ya San Francisco, Marekani. Usiku ule sikulala, nikawa nasoma. Aliyeiasisi mwaka 1969 ni Frank Oppenheimer, mwanafizikia, mdogo wake yule Robert wa bomu la atomiki. Enzi ya msako wa wakomunisti Marekani, Frank alilazimika kuacha kazi ya chuo kikuu, akaenda Colorado kufuga ng'ombe miaka kadhaa, kisha akasomesha sayansi kwenye skuli ya sekondari ya mji mdogo huko huko. Hapo nikaweka simu chini. Mfugaji wa ng'ombe na mwalimu wa sekondari! Watu wa namna hiyo Pemba tumejaa. Siku hizi jumba lao liko juu ya gati la zamani bandarini, Gati Namba 15, walikohamia mwaka 2013, na mgeni ana ruhusa ya kushika, kugeuza na kujaribu mwenyewe. Kazi ya kuwaelekeza wageni wamepewa vijana wa sekondari, na kupasua jicho la ng'ombe ni kazi yao hao. Vyombo vyao vingi vya biolojia vinataka hadubini za bei nisiyoweza hata kuitamka. Jicho la ng'ombe linataka wembe, mkasi na sinia.

Siku ya kwanza nilifeli. Niliyachukua macho Ijumaa mchana, nikayatia kwenye friji ya nyumbani, umeme ukakatika usiku kucha nami sina habari. Asubuhi konea, ile sehemu ya mbele inayotakiwa iwe angavu kama maji, imeingia ukungu mweupe, na harufu ilipotoka kwenye kopo watoto wa mstari wa mbele walirudi nyuma wote kwa pamoja. Mmoja alitapika. Niliyazika chini ya mgomba, nikaona aibu kwa wale waliotembea mwendo mrefu kuja. Tangu siku ile nanunua barafu bandarini kwa wauza samaki, wanaojua kuitunza kitu kisiharibike kuliko friji yangu.

Baadaye akaja mzazi mmoja kuniuliza, kwa upole kabisa, kama hili si kumchezea mnyama. Swali la haki. Nilimwambia ng'ombe amechinjwa kwa ajili ya nyama yake, jicho lingekwenda kwa paka, vijana wanaanza kwa bismillahi na mabaki tunayazika. Nikamwomba akae atazame mwenyewe. Alikaa mpaka mwisho, na yeye ndiye aliyeomba kuishika lenzi kabla ya mwanawe.

Basi nikuelezeni kinachotokea mezani.

Jicho likitoka kwenye barafu limevaa mafuta na vinyama vyekundu. Vinakatwa kwanza kwa mkasi, na mtoto anaambiwa azungushe macho yake juu, chini, kulia, kushoto, ili ajue kazi ya vinyama hivyo. Nyuma kinabaki kikonyo cheupe, kigumu kama kamba. Hiyo ni neva ya jicho. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu hukibinya baina ya vidole viwili akawaambia wadogo zake, "Kila alichokiona ng'ombe huyu tangu azaliwe kimepita hapa." Sikumfundisha maneno hayo, ni yake.

Kisha wembe. Weupe wa jicho ni mgumu, una unyumbufu kama mpira wa kandambili, na kuupata mtoboo wa kwanza kunataka nguvu. Ukishatoboka, maji yanachirizika na daima kuna mtu anayeruka. Ukizungusha mkasi pembeni, jicho linagawika vikombe viwili. Ndani mnatoka ute mzito, mwangavu, kama ute wa yai la kuku, na ndani ya ute huo umelala mfano wa gololi iliyobanwa kidogo. Lenzi.

Lenzi inaoshwa kwenye bakuli, halafu anapewa mtoto. Akiiweka juu ya kipande cha gazeti la Zanzibar Leo, herufi zinavimba. Akiinyanyua mbele ya jicho lake na kuielekeza uwanjani, minazi inaning'inia kichwa chini.

"Ng'ombe anaona dunia imepinduka!"

"Na wewe pia," kijana wangu humjibu. "Ndani ya jicho lako picha iko hivyo hivyo. Ubongo ndio unaoisimamisha."

Huwa wanarudia minazi mara tatu, nne, na wengine hutazama miguu yao.

Lakini mimi hungojea kikombe cha nyuma. Juu yake umetanda utando mwembamba, wa kijivu, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Ndiyo retina, inayopokea mwanga. Ukiusukuma kwa ncha ya kidole unajikusanya na kukunjamana, lakini hautoki, kwa sababu umeshikwa mahali pamoja tu, pale inapoanzia neva. Mahali hapo patahitajika baadaye. Ukishausogeza, chini yake inatokea rangi ambayo hakuna mtoto aliyetegemea kuikuta ndani ya ng'ombe: buluu inayoingia kijani, inang'aa kama ndani ya chaza, kama maji ya ufukwe wa Vumawimbi jua likishapanda. Inaitwa tapetamu. Kazi yake ni kuurudisha mwanga uliopita retina bila kushikwa, ili upite tena mara ya pili. Ndiyo maana ng'ombe anaona gizani kuliko sisi, ambao hatuna.

Hapo watoto wa Pemba hawahitaji kuelezwa zaidi. Nani hajamulika tochi usiku akaona macho mawili ya moto juu ya mkarafuu? "Komba!" wanapiga kelele. Ndiyo, komba anayo. Paka anayo. Na chui anayo. Siku niliyoiona rangi ile kwa mara ya kwanza, nikiwa peke yangu maabara na mlango nimeufunga, nilikaa kwenye benchi nikamkumbuka yule wa Mnazi Mmoja. Macho yake ya kioo yalikuwa yamepakwa rangi vizuri kwa mbele. Hii ya nyuma, iliyokuwa ikiwaka msituni, ndiyo niliyokuwa nikimuuliza mjomba.

Tukimaliza jicho la ng'ombe tunahamia kwenye jicho la mtoto mwenyewe, na kwa hilo tunatumia karafuu.

Jaribu hapo ulipo. Chukua karatasi nyeupe, chora alama ya kujumlisha upande wa kushoto, na sentimita 8 kulia kwake weka karafuu moja kavu, uishike kwa tone la gundi. Fumba jicho la kushoto. Jicho la kulia litazame alama ya kujumlisha tu, usihadaike kuitazama karafuu. Sogeza karatasi taratibu kutoka urefu wa mkono kuja usoni. Ikifika kiasi cha sentimita 30, karafuu haipo. Karatasi imebaki nyeupe tupu, haina hata kivuli. Sogeza zaidi, imerudi.

Mvulana mmoja wa Darasa la Tano aliigeuza karatasi akatazama nyuma. "Imekwenda wapi?"

Kijana wangu hakumjibu. Alimrudisha kwenye sinia, akampa kijiti, akamwambia ausukume tena ule utando wa kijivu. Ukakunjamana, ukabaki umeshikwa pale pale pamoja. "Hapa pana retina?" Mtoto akainama, akatazama, akasema hapana, hapa pana kikonyo tu. Halafu nikamwona anauweka mkono wake juu ya jicho lake la kulia, kwa nje, kama anayetafuta mlango.

Nyuzi za neva katika jicho letu hupita mbele ya retina, na ili zitoke kwenda kwenye ubongo lazima zitoboe mahali. Pale penye tundu hapana kinachopokea mwanga. Karafuu huangukia hapo, na ubongo unajaza kwa rangi ya karatasi. Tumejaribu karatasi nyekundu, ikajaza nyekundu.

Siku moja wakaniuliza kama kuna kiumbe asiye na tundu hilo. Nikafurahi mno, maana jibu liko pwani yetu kila bamvua: pweza. Neva zake zinatoka kwa nyuma ya retina, hazina haja ya kuitoboa, kwa hivyo hana mahali pasipoona. Wiki iliyofuata watoto wawili walileta kichwa cha pweza kwenye ndoo, mama zao wametoka nacho mwambani asubuhi ile ile. Tukakipasua. Wino ulichafua meza na mashati matatu, na nililazimika kwenda kuomba radhi nyumba mbili.

Tuna na meza nyingine. Ya popo haina popo, kwa sababu popo hawafai kushikwa kwa mkono, wanaweza kuwa na maradhi. Tunachora kwa chaki sakafuni bawa la popo wa Pemba kwa ukubwa wake, mabawa mawili yakitandazwa hufika karibu mita 1.6, na mtoto analala juu yake na kulinganisha vidole vyake na vya popo, kimoja kimoja, gumba lenye ukucha likiwa nje ya ngozi. Baada ya hapo ukiwapeleka Kidike, kwenye hifadhi ya popo hao, wakawaona wananing'inia mchana, hutawasikia wakisema popo ni ndege.

Narudi kwenye macho, maana kuna moja linalonikaa moyoni.

Unapokula samaki wa kuchemsha, ndani ya jicho lake mna kishanga cheupe kigumu. Kila mtoto wa hapa amewahi kukitoa kwa ulimi akakitema. Ni lenzi. Ni duara kabisa kwa sababu ndani ya maji konea haisaidii kitu kuupinda mwanga, lenzi inabeba kazi yote, ndiyo maana na wewe ukipiga mbizi bila miwani unaona ukungu mtupu. Samaki akiwa mbichi kishanga hicho ni angavu kama tone la maji. Moto ndio unaokifanya cheupe, kama unavyoufanya ute wa yai. Tunaviweka viwili, kibichi na kilichopikwa, sahani moja.

Msichana wa Darasa la Sita aliitazama ile sahani muda mrefu kisha akasema, "Bibi yangu ana hiki." Bibi ana mtoto wa jicho. Kwao walikuwa wakiambiana ni ngozi inayoota juu ya jicho, na kwamba ikikomaa itabanduka yenyewe. Kijana wangu alinigeukia, na hapo nilisema, maana nimeulizwa: hakuna kinachoota juu, ni lenzi ile ile ya ndani inayoingia weupe, kwa wazee si kwa moto bali kwa umri, na haibanduki yenyewe.

Mwezi uliofuata alimleta. Alimshika mkono kutoka barabarani mpaka chini ya mkungu, akamkalisha kwenye kiti changu. Bibi hakuweza kuiona lenzi ya ng'ombe, kwa hivyo mjukuu aliiosha akamtilia kiganjani. Kwenye kiganja cha pili akamtilia kishanga cha samaki aliyepikwa. Bibi alivibiringisha taratibu kwa dole gumba, hiki laini kinateleza, hiki kigumu.

"Yangu imekuwa kama hiki?"

"Ndiyo, bibi. Ndani."

"Na hospitali wakiitoa wanatia nini?"

"Ya plastiki. Ndogo kuliko hii."

Alikaa navyo mkononi, watoto wote wamemzunguka, meza nzima imesimama. Kisha akavirudisha kwenye bakuli, akapangusa vidole kwenye kanga yake, akasema, "Hebu nisomeshe tena, mama. Anzia mwanzo."

Mjukuu akachukua jicho jipya kwenye barafu, akaushika mkono wa bibi yake na kuuweka juu ya yale mafuta na vile vinyama vyekundu, akamwambia, "Kwanza, bibi, zungusha macho yako."